Nyumba ya nyanya Mji wa Kale, kuta zatoka jasho na fundi ataka simiti tena. Nifanyeje?

MwanaKibokoni

Asalam aleikum wanajamvi, mwenye kujua anisaidie kabla sijafanya ujinga. Nyumba ni ya nyanya yetu mzaa mama, iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ina orofa moja, kuta za mawe ya matumbawe nene zile mpaka mtoto aweza kukaa dirishani akasoma, na dari ya boriti. Nyanya alifariki mwaka jana Mungu amrehemu, tumeachiwa wajukuu na mimi na dadangu ndio twataka kuhamia na watoto wetu. Si nyumba ya wageni, si ya kukodisha, ni ya kukaa.

Sasa shida. Chini kote mjomba alipiga plasta ya simiti, nakumbuka nlikua darasa la nne, na juu yake akapaka rangi ya mafuta, nyumba ikang'ara Idi ile watu wakasifu. Leo hio plasta yabanduka mapande mapande, na kutoka chini mpaka usawa wa kiuno kuna unga mweupe wa chumvi, ukiegemea tu buibui lachafuka. Chumba cha nyuma chanuka uvundo, nguo kabatini zaota ukungu. Juu nako boriti tatu nimezidunga kisu pale mwisho zinapoingia ukutani, kisu chaingia kama mkate wa sinia.

Fundi nliyempata asema tukwangue yote, tupige simiti mpya na dawa ya kuzuia maji, boriti zitolewe zote tumwage slabu ya zege. Bei yake imenipa homa lakini hio si hoja. Hoja ni kwamba mimi nilikua na ndoto ya nyumba ya kijani, nasoma mambo ya mianzi, bloku za udongo zilizoshindiliwa, mbao zilizotumika tena, sola, nikaona fursa ndio hii. Alafu joto. Uani katikati ya nyumba palikua wazi, wakapafunika mabati kwa sababu ya paka na mvua, na sasa chini ni tanuri, mwezi wa tatu hakulaliki. Dadangu ataka eisii, mashine za kupoza hewa, vyumba vyote. Nianze wapi jamani?

AmiWaKuze

Waaleikum salam mwanangu. Pole kwa msiba.

Nianze na lililonichekesha, usinikasirikie. Wewe watafuta nyumba ya kijani na umeshaikalia. Mawe yametoka pwani hii hii, chokaa ilichomwa hapa hapa, boriti zimetoka kwa mikoko, na vitu hivo vyote vilishalipiwa moshi wake, yani kaboni ya kuvitengeneza, kabla babako hajazaliwa. Ukibomoa ukaleta mianzi ya kutoka mbali ndio umezidisha uchafu. Kijani cha kwanza ni kutobomoa.

Sasa kuta. Nyumba za zamani zile hazina ile karatasi ya plastiki ya juu ya msingi inayozuia unyevu kupanda. Maji ya ardhini yapanda ukutani kama chai yapanda kwa mahamri, siku zote yamekua yakipanda, tangu nyumba ijengwe. Haikua tabu kwa sababu chokaa yapumua, maji yakifika juu ya ukuta yatoka taratibu yaenda zake na upepo. Mjomba wako (na si yeye peke yake, mtaa mzima tulifanya hivo, hata mimi kwa mamangu) akaziba pua ya ukuta kwa simiti na mdomo kwa rangi ya mafuta. Maji hayana pa kutokea yakawa yapanda juu zaidi yatafuta mlango, yamebeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya plasta yaganda chembe chembe, yafura, yasukuma. Ndio hayo mapande. Na simiti ikibanduka haitoki peke yake, hung'oka na uso wa jiwe, kwa sababu simiti ni ngumu kuliko tumbawe. Kwa hivo ukipiga simiti mpya na dawa ya kuzuia maji wamlipa mtu akufanyie ugonjwa ule ule mara ya pili.

Dawa ni kutoa simiti yote polepole, kwa tindo na nyundo ndogo, USIKUBALI mtu aingie na mashine ya kuvunjia, itapasua mawe na viungo. Kisha acha ukuta uchi. Ndio, uchi, miezi, upite msimu mmoja mkavu wa kaskazi kama una subira. Kila wiki piga brashi kavu uzoe ile chumvi uitupe nje, usimwagie maji itarudi ndani. Baadae ndio plasta ya chokaa na mchanga, na juu yake kupaka chokaa, si rangi ya duka.

Na kabla ya hayo yote tafuta maji yatoka wapi. Choo kiko nyuma ya hicho chumba kinachonuka? Bomba la jirani? Kichochoro kimepandishwa na kabro, vile vitofali vya njiani, mpaka kikawa juu ya sakafu yako? Mara nyingi nusu ya ugonjwa ni bomba moja bovu.

fundi_nyundo

Ami nakuheshimu lakini haya maneno ya chokaa ni matamu kuyasikia, kazini ni kingine. Mimi nipo saiti miaka kumi na nane. Mteja hataki kungoja kaskazi lipite, ataka kuingia ramadhani. Plasta ya chokaa tabaka moja hutakiwi kuzidi kama sentimita moja, ungoje siku kadhaa, tena tabaka, tena ungoje, na kila siku mtu wa kuilowesha maji na kuifunika magunia isije ikapasuka na jua, hao vibarua nani awalipa. Na vijana wa sasa hawajui, ukiwapa chokaa waichanganya na simiti kisirisiri iwahi kushika ili watoke saa tisa. Nshaona kwa macho yangu nyumba imepigwa "chokaa" na mwaka wa pili yabanduka kumbe ndani nusu ni simiti.

Kwa hivo dada usimlaumu fundi wako, yuafanya analolijua na linalolipwa. Lakini sitadanganya, hapo kwa boriti kumwaga slabu juu ya kuta za matumbawe mimi mwenyewe siwezi kuweka mkono.

MwanaKibokoni

Ahsanteni sana, nshachanganyikiwa zaidi lakini kwa njia nzuri. @AmiWaKuze choo kiko nyuma kweli!! ukuta ule ule. Sikua nimefikiria. @fundi_nyundo kwa nini slabu hapana? Yeye asema itakua imara milele na juu naweza kuongeza chumba.

mhandisi_wa_ngambo

Nijibu hilo la slabu kwa sababu nimelifanyia kazi. Ukuta wako ni mawe yasiyo na umbo yaliyoshikwa na chokaa na udongo mwekundu, una uwezo mzuri sana wa kubeba mzigo uliotawanyika, sio mzigo mzito uliofungwa kama kisahani kigumu juu. Slabu haipindiki, ukuta wapumua na kucheza kidogo kidogo kila msimu, pale vinapokutana hapakosi ufa. Pili ni vyuma. Tuko kisiwani, hewa yenyewe ni chumvi, na mafundi wetu wengine huchanganya zege na mchanga wa bahari. Chumvi ikifikia vyuma vyaota kutu, kutu hufura kuliko chuma chenyewe, konkriti yapasuka kutoka ndani. Tembea Mombasa utazame chini ya baraza za majumba ya juzi juzi tu, vyuma viko nje kama mbavu. Boriti za nyanyako zimeishi miaka mingapi? Hio milele ya fundi sijui ameipimia wapi.

Na jambo watu hawalijui, ukishangaa mbona vyumba vya Mji wa Kale, na Lamu vilevile, ni virefu lakini vyembamba, ni kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko hauendi mbali, ukishapita kama mita tatu walegea, basi chumba kikakatwa kwa kipimo cha mti. Nyumba nzima imepangwa na msitu.

Kingine cha lazima: Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, usiguse kitu kabla hujaenda kwa watu wa makavazi, yani makumbusho ya taifa, wenye ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, alafu kibali cha kaunti. Sio kwa kuogopa faini tu, pale wapo watu wanaojua mafundi wa chokaa kwa majina na watakuonyesha nyumba zilizotengenezwa vizuri ukaone. Piga picha kila ukuta kabla ya tindo la kwanza.

JongooWaBamburi

Nimeingia kwa ajili ya boriti kwa sababu hapo ndio watu wa "kijani" hujikwaa.

Dada sio boriti zote zimekufa. Umesema tatu, na zimeoza mwisho tu, pale zinapoingia ukutani, ambapo ni sawa na alivosema Ami, ukuta uliozibwa pua umezilowesha. Zigonge zote moja moja kwa mpini wa nyundo usikilize, nzima yalia kavu, mbovu yafanya dup. Dunga na bisibisi. Ikiwa ni mwisho tu fundi seremala mzuri akata pale palipooza aunga kipande cha mti mgumu kwa pembeni, au apitisha mhimili wa mbao chini yake kando ya ukuta uupokee mzigo. Hutoi dari nzima kwa ajili ya boriti tatu.

Zitakazohitaji kubadilishwa kabisa, tafuta kwanza boriti za nyumba zilizobomolewa. Zipo, watu huzitupa au huzifanya kuni za kupikia pilau la harusi, nalia nikiona. Mkoko mkavu wa miaka mingi ni mgumu mpaka msumari wapinda. Ukikosa ndio ununue mpya, lakini kwa mtu mwenye kibali cha shirika la misitu, muulize akuonyeshe. Mkoko mbichi uliokatwa usiku pale Tudor si kijani hata ukiupaka rangi ya kijani. Ile mikoko ndio inayoshika udongo na kulea samaki na kamba unaowala, na yazika kaboni kwenye tope kuliko msitu wa bara. Gazi kule Kwale wanakijiji wameuza hio kaboni ya mikoko tangu 2013 kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, yani mti uliosimama wawaletea maji ya bomba na vitabu vya shule. Kwa hivo ukikata hesabu vizuri.

Mbadala wa fito na pau na paa jepesi ni mvinje. Wapandwa mashambani Kilifi na Kwale kama mahindi, miaka michache umefikia nguzo. Jina langu latoka huko, ngoja niwape hadithi fupi. Machimbo ya simiti ya Bamburi yalikua jangwa, mwamba mtupu mweupe, matumbawe ya kale yalokwisha kuchimbwa yakachomwa yakawa simiti. 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hio ya simiti, akaanza kupanda miti pale, alijaribu aina 26, zikaishi tatu tu, na mvinje ndio uliokua shujaa. Lakini majani yake yale ya sindano yakawa yajaa chini hayaozi, ndipo akaleta majongoo yale ya miguu myekundu, yakayala yakageuza udongo, na msitu ukashika. Leo ni Haller Park. Sasa mvinje una kasoro yake, wapendwa na mchwa na dumuzi, uloweshwe dawa ya boraksi kabla, na usiuweke ubebe sakafu nzito ya mawe, pale baki na mkoko au mbao ngumu.

BintiMajengo

Mimi si fundi ila nataka kusema ya kwetu. Nyumba yetu Majengo ni ya udongo na fito, ya kiswahili yenyewe, vyumba sita na korido katikati. Kakangu alileta simiti akapiga plasta nje juu ya udongo ili ifanane na ya mawe. Mvua za mwezi wa tano zikaingia kwa ufa mdogo tu kama uzi, maji yakakaa nyuma ya simiti, udongo ukalainika ndani hatujui, ukuta ukashuka usiku wa manane. Alhamdulillahi hakuna aliyelala upande ule. Tulirudishia udongo na chokaa juu na haina neno mpaka leo. Kwa hivo si matumbawe peke yake.

Na huo uani FUNGUENI jamani. Nyanyako hakua mjinga.

mhandisi_wa_ngambo

BintiMajengo amenitangulia. Uani ndio eisii yenu. Hewa moto hupanda, ikitoka juu pale uani yavuta hewa baridi kutoka kichochoroni ambako jua halifiki kwa wembamba wake, yaingia mlangoni yapita sebuleni. Mkaifunika kwa mabati, mabati yakashika jua la saa saba yakawa jiko. Kama ni paka na mvua, weka kipaa kidogo kilichoinuliwa juu kama futi tatu, wavu pembeni, mvua haiingii na hewa yatoka. Kuta nene pia zina kazi, mchana zanyonya joto polepole na usiku zalitoa, lakini zahitaji upepo wa usiku wa kulichukua. Ukishafungua uani, ukirudisha madirisha yale ya vibao vya kupinda na ukapaka paa la juu chokaa nyeupe, kaa mwezi mzima ndio uulize tena kuhusu eisii. Pengine chumba kimoja cha mgonjwa chatosha.

Sola weka, ila sio leo. Vyuma vya kushikilia viwe alumini na misumari isiyoshika kutu, na upande usioonekana kutoka mtaani. Nyumba inayovuja maji haihitaji sola kwanza.

MwanaKibokoni

Nimecheka hapo kwa nyanya hakua mjinga. Aliwaambia wasifunike, wakasema mzee hajui.

Sasa swali la chokaa. Yauzwa wapi, maana duka la vifaa karibu na Mwembe Tayari wamenipa mfuko wa chokaa ya unga wa kupaka miti. Ni hio? Na mtu mmoja huku mtaani asema chokaa ya kweli ni ya matumbawe ya baharini na yuajua kijana wa kuniletea gunia.

AmiWaKuze

Huyo kijana mwambie ahsante na asiende. Zamani watu walichoma matumbawe kwenye tanuu, wapanga magogo ya minazi na mikoko duara, mawe juu, likiwaka linawaka mchana na usiku. Leo tumbawe hai ni nyumba ya samaki, ukilitoa umebomoa nyumba yao ili utengeneze yako. Jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile la machimboni, ndio sawasawa, limekua mwamba tangu zamani sana bahari ilipokua juu.

Chokaa ya mfuko ile ile yatosha ikiwa ni mbichi, haijakaa dukani ikavuta hewa. Hewa ndio iishikayo, hutoa maji ikavuta kaboni kutoka hewani ikarudi kuwa jiwe, kwa hivo ya mfuko uliopasuka imeshashika ndani ya gunia. Itie kwenye pipa la maji mpaka iwe kama mtindi mzito, ifunikwe, ikae. Wiki ni kidogo, mwezi ni bora, wazee waliiacha shimoni miezi. Ukipata ile ya mawe isiyozimwa jihadhari, wewe watia chokaa ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, yachemka yaruka, vaa miwani na watoto wawe mbali. Kisha debe moja la chokaa kwa matatu ya mchanga mkali wa mto uliooshwa. Si mchanga wa pwani, utarudisha chumvi uliyoitoa miezi yote hio.

Pale chini penye unyevu sana ongeza unga wa matofali ya kuchoma au vigae vilivyovunjika, vilivyosagwa vizuri vikachungwa. Wasaidia chokaa kushika hata pasipokauka, na vigae utapata bure kwa nyumba yoyote iliyobadilisha paa.

Na usione mimi nafikiria moshi tu. Hata chokaa yatoa moshi. Tofauti ni kwamba yachomwa kwenye joto la nyuzi kama 900 hivi, simiti 1450, na chokaa ukutani yarudisha sehemu ya kaboni iliyoitoa. Simiti pekee ni kama asilimia 8 ya kaboni yote itokayo kwa shughuli za binadamu. Lakini mimi sitaki simiti ukutani kwako kwa sababu itakubandukia, hata kama ingekua haitoi moshi kabisa.

fundi_nyundo

Ami umenikamata hapo kwa debe moja kwa matatu, ndivyo nlivyofunzwa na babu, nikaacha kwa sababu ya haraka za watu. Sawa. Dada kama mko tayari kungoja kweli na si maneno, mimi naweza kuja. Lakini kwa masharti. Siwezi kukupa bei ya nyumba nzima kabla ya kuona nyuma ya ile simiti kuna nini, mtu akikupa hio bei leo yuakisia. Twaanza na hicho chumba cha nyuma peke yake. Rekebisha choo kwanza na fundi wa bomba, mimi nikija nikute pamekauka nje. Vibarua wawili tu na mmoja kazi yake ni magunia na maji, na wewe au dadako mkae pale mwaangalie kwenye pipa, mkiona mtu atia simiti mumtoe.

MwanaKibokoni

Twaweza kungoja, tumekodi Bondeni mpaka mwisho wa mwaka. Dadangu amekubali uani ufunguliwe ila ataka eisii chumba cha mamangu mkubwa, na hapo sibishani naye. Kesho naenda kwa watu wa makavazi na picha. Fundi wa bomba amekuja leo, bomba la choo limepasuka ndani ya ukuta, Mungu ajua tangu lini, alipofungua maji nje sakafu ikalowa tukiitazama.

@JongooWaBamburi nimegonga boriti zote kumi na nne kama ulivosema. Mbili zafanya dup. Ile ya tatu nlidhani imekufa yalia kavu, kisu kiliingia kwenye plasta tu.

JongooWaBamburi

Basi hio iache. Kwa hizo mbili nipimie urefu kutoka ukuta mpaka ukuta, na zaidi shubiri mbili kila upande za kuingia ukutani, na unene kwa kamba kuzunguka mti. Kuna nyumba yabomolewa Makadara wiki hii, nitapita nitazame kabla hazijawa kuni.